Theluji ya Kuahidiwa

Jumatatu, 24 Novemba

Daftari la vipimo halina nafasi ya hasira. Lina safu ya joto la asubuhi, safu ya joto la mchana, safu ya mvua na safu ya theluji, na kwa miaka thelathini na moja nimezijaza bila kuongeza neno. Leo nimenunua daftari la pili, hili, kwa ajili ya yale yasiyoingia kwenye safu.

Aliyenifikisha hapa ni shemeji yangu Hoshiar, mdogo wa marehemu mume wangu Mehar. Ana hoteli ya vyumba arobaini juu ya stendi, na mwaka huu wenye hoteli wa Shalidhar wamemfanya mwenyekiti wao. Amekuja asubuhi na sanduku la mithai, nikajua ana haja, maana Hoshiar haleti kitamu bure. Akanywa chai, akaisifu mitufaha yangu, akauliza habari za binti yangu aliyeko Pune. Ndipo akasema wameamua kutangaza Krismasi yenye theluji ya uhakika. Watu wa Delhi na Chandigarh wanataka picha za theluji siku ya Krismasi, hata wasiojua mlango wa kanisa uko upande gani. Kwangu anaomba jambo dogo tu.

Nina ubao mweusi pale stendi, umetundikwa nje ya duka la chai. Kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa nimeandika hapo joto la siku, na kuanzia tarehe mosi Desemba naandika pia uwezekano wa theluji kuanguka Krismasi. Wageni huupiga picha na kuwatumia wenzao.

"Andika tisa kwa kumi, shemeji," akasema. "Nani atakushika shati?"

Nikamwambia tangu Septemba halijaanguka tone, na jana mchana kipimo kimefika kumi na saba. Nikamwambia nimefundisha jiografia miaka thelathini na nne na sikuwahi kumpa mtoto alama ambayo hakuipata.

"Theluji si mwanafunzi wako."

"Wala si kibarua wako, Hoshiar."

Akamaliza chai yake, akaondoka. Mithai nimewapa wanaopogoa miti.

Jumatatu, 1 Desemba

Ubao: Asubuhi 3, mchana 16. Theluji ya Krismasi: 1 kwa 10.

Jumanne, 2 Desemba

Tumekutana barazani kwa Emanuel, sisi watatu ambao mji unatuita Kamati ya Mawingu ukiwa na adabu, na Vichaa Watatu ukiwa hauna.

Emanuel Masih alibeba barua kwa miguu kati ya vijiji vya bonde hili mpaka alipostaafu, na mimi namwita Posta hadi leo. Ana kipimahewa cha shaba kilichoachwa na wamisionari, na hukigonga kwa ukucha kila asubuhi kabla hajapiga mswaki. Dechen anauza sweta kwenye safu ya vibanda vya Watibeti. Ana miaka thelathini na mbili na simu yenye kioo kilichopasuka, na kwenye simu hiyo huyafuata mawingu tangu yakiwa ng'ambo ya Uajemi, yanavyovuka Afghanistan mpaka yagonge milima yetu. Huyajua kama wengine wanavyowajua wachezaji wa kriketi.

Posta alitaka nipandishe iwe tatu kwa kumi. Kila mwaka husema theluji itaanguka Krismasi, na kila mwaka sababu yake ni kwamba anaitaka. Nikamfungulia daftari. Krismasi thelathini na moja, theluji nne. Tena mwaka huu ni mkavu kupita yote.

"Basi mbili," akasema. "Kwa heshima ya Bwana mwenyewe, siku yake ya kuzaliwa."

"Bwana hakuzaliwa kwenye theluji, Posta."

Alicheka mpaka akakohoa. Imebaki moja.

Ijumaa, 5 Desemba

Anga tupu.

Jumamosi, 6 Desemba

Mtu amefuta ubao. Badala ya 1 ameandika 9. Nimefuta, nimeandika 1.

Jumapili, 7 Desemba

Tisa tena. Nimefuta.

Jumatatu, 8 Desemba

Tisa. Hii tisa yenye mkia wa kujikunja naijua, niliisahihisha darasa la sita kwa kalamu nyekundu. Ni ya kijana ambaye sasa ni meneja wa Hoshiar. Nimefuta, nimerudi nyumbani, nimechukua kiti, blanketi na soksi ninazofuma, nikaenda kukaa chini ya ubao kutwa nzima.

Jumanne, 9 Desemba

Kiti tena. Meneja amepita mara tatu akijifanya anatafuta basi. Mara ya nne nikamwuliza kama bado anakunja mkia wa tisa. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu," akapotea.

Mgeni mmoja mwenye mtoto mabegani alisoma ubao, akaniuliza kama ni kweli. Amelipia siku nne kwa sababu tangazo limesema theluji ni uhakika. Nikamwambia ubao hauuzi vyumba. Akautazama, akaitazama hoteli, akanishukuru. Sikujua nifurahi au nisikitike.

Ijumaa, 12 Desemba

Satya, mke wa Hoshiar, ameacha kuniletea maziwa. Miaka kumi na minane ng'ombe wao amenipa nusu lita kila asubuhi, na mimi nawapa tufaha za kukausha. Leo mlango haukugongwa.

Simlaumu sana. Sijawahi kumsikia Satya akiwa na neno lake mwenyewe. Ni kama pazia, upepo ukitoka huku huenda kule. Na nyumbani kwao upepo una jina.

Jumapili, 14 Desemba

Anga tupu. Maziwa ya pakiti hayafanyi chai.

Jumatano, 17 Desemba

Nimeshuka shambani. Udongo chini ya mitufaha ni vumbi, unaupuliza unaondoka. Mti wa tufaha unahitaji kulala baridi muda mrefu, na unahitaji theluji iyeyuke taratibu juu ya mizizi yake mpaka Machi. Bila hivyo Aprili hutoa maua machache, na maua machache ndiyo habari ya mwaka mzima ya kila nyumba hapa.

Stendi wanasema Mwalimu haitaki theluji. Muuza mboga ameniambia usoni, akinipimia viazi, kwamba kinywa changu kina nuksi. Mimi! Hakuna mtu Shalidhar anayeitaka theluji kuliko mimi. Hoshiar anaitaka siku moja, nami naitaka miezi mitatu. Lakini kukitaka kitu hakukileti, na kusema kimekuja ilhali hakijaja ni kuwafanya watu waangalie pasipo.

Jumamosi, 20 Desemba

Mji mzima ulipanda mapaa leo. Mawingu yalifunika milima ya kaskazini tangu asubuhi, na mabasi yaliyojaa wageni yalipoingia, watu walishuka wakiwa wameinua nyuso. Posta alikuja mbio bila kofia. Dechen peke yake aliendelea kukunja sweta. Alikwisha kusema tangu juzi kwamba wingu hili ni jepesi, litavunjika Kashmir.

Yalianguka matone ambayo ningeweza kuyahesabu. Saa tisa jua likatoka.

Jumatatu, 22 Desemba

Ubao: 1 kwa 20. Hoteli zimejaa hadi varanda.

Alhamisi, 25 Desemba

Jua. Mchana kumi na nne.

Nilikwenda kanisani na Posta, kama kila mwaka, kwa sababu mimi humsindikiza kanisani naye hunisindikiza hekaluni. Nyumba za Kikristo zimebaki kumi na moja, na leo ndani palikuwa na wageni wengi kuliko wenyeji, wakipigana picha mbele ya nyota ya karatasi. Posta aliimba kwa sauti ya kumtetemesha mchungaji. Tulipotoka aliitazama anga, akasema, "Haya. Mwaka ujao." Hakuna mtu ninayemjua anayeweza kushindwa vizuri kama yeye.

Kwenye uwanja wa stendi palikuwa na fujo. Hoshiar ameleta mashine ya kurusha povu la sabuni. Watoto walifurahi kwa dakika kumi, kisha povu likawaingia machoni. Baba mmoja kutoka Delhi alikuwa na tangazo mkononi, analipigapiga kwa kidole, anauliza neno "uhakika" katika mji huu lina maana gani. Hoshiar akageuka huku na huku akitafuta mahali pa kuuelekeza uso wake, akaniona.

"Mwulizeni huyu," akasema mbele ya watu wote. "Mwezi mzima amekaa pale chini anaifukuza theluji kwa chaki."

Watu wakacheka. Mtu wa mboga akacheka. Satya alikuwa nyuma ya mumewe amebeba sinia la chai, yeye hakucheka wala hakunitazama.

Ningeweza kunyamaza. Nikasema kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwenye mahafali kwamba mwezi mzima sikuandika zaidi ya moja kwa kumi, na leo wote wanaiona ile moja, haipo. Aliyetaka kujua alijua. Nikaenda zangu.

Ijumaa, 26 Desemba

Ubao umeondolewa. Misumari minne imebaki. Mwenye duka la chai anasema hakuona kitu, huku akipangusa glasi ambayo ilikwisha kuwa safi.

Jumamosi, 27 Desemba

Dechen amekuja asubuhi bila kufungua kibanda. Hajawahi. Ameweka simu mezani, karibu na siddu, mkate wa mvuke niliokuwa nikila na samli, akasema, "Mwalimu, tazama hili."

Mimi kwenye picha zile huona pamba tu. Yeye akanionyesha kwa kidole: mkanda mweupe mpana unaotoka bahari ya mbali ya magharibi, na chini yake mkono mwingine unaonyonya unyevu kutoka bahari ya Waarabu. Miwili itakutana juu yetu. Akasema miaka saba anafuata mawingu, hajaona mawili yakishikana hivi.

"Lini?"

"Thelathini na moja. Mchana. Si usiku kama serikali inavyosema, hili lina haraka."

Jumapili, 28 Desemba

Sindano ya kipimahewa cha Posta imeanza kushuka.

Jumatatu, 29 Desemba

Leo nimekwenda kwa Hoshiar kwa miguu yangu, bila mithai.

Ili kuwatuliza wageni waliokosa Krismasi ameandaa sherehe ya kuaga mwaka juu Dhanthach, uwanda wa malisho ulio kilomita kumi na moja juu ya mji. Mahema, moto mkubwa, muziki, watu mia moja na arobaini kuanzia adhuhuri. Barabara ya kwenda huko ni moja, upana wa gari moja, mwamba upande huu na korongo upande ule, na huko juu simu haishiki. Mehar alipokuwa bwana misitu aliifunga barabara ile kila Desemba. Siku hizi lango la msitu ni fito mbili zilizoegeshwa.

Nilimkuta ofisini na meneja wake. Nikawawekea mezani karatasi tatu: picha za Dechen, namba za sindano ya Posta, na ukurasa wa daftari langu wa mwaka ambao theluji ilishuka inchi ishirini na mbili kati ya chakula cha mchana na chai ya jioni. Nikasema wageni wafanye sherehe hotelini, wasipande.

Hoshiar hakuzigusa karatasi. Alikuwa amechoka, niliona. Macho yake yamekuwa madogo.

"Kwanza ulininyima theluji, shemeji," akasema. "Sasa unataka kunipa nyingi mno. Je, iko siku utanipa kiasi?"

Meneja akacheka kidogo, kisha akakumbuka nilimfundisha darasa la sita.

Nikamwambia taarifa ya serikali nayo inasema theluji inakuja. Akasema inasema nyepesi, tena usiku, na nyepesi ndiyo wanayoitaka. Nikamwuliza kama yuko tayari kuweka watu mia na arobaini juu ya neno nyepesi.

"Kaka angekuwa hai angeona haya," akasema.

"Kaka yako angekuwa hai angekuwa pale langoni, na bunduki yake ya serikali."

Nilipotoka Satya alikuwa koridoni na shuka mikononi. Alikuwa amesikia yote. Akanipisha.

Jumanne, 30 Desemba

Ubao wamenichukulia, ukuta ninao. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya barabara ya Dhanthach, na ukuta wa chini unatazama njia. Nimekoroga chokaa ileile tunayopaka mashina ya mitufaha, nimechukua brashi pana, nimeandika herufi za urefu wa mkono: KESHO MCHANA THELUJI NYINGI. USIPANDE DHANTHACH.

Posta alishika ngazi. Dechen alisahihisha nafasi kati ya maneno. Gari moja la hoteli lilipita, dereva akapiga honi kwa dhihaka. Tukampungia mikono.

Sindano imeshuka tena.

Jumatano, 31 Desemba. Naandika tarehe 1, mkono jana haukushika kalamu

Asubuhi kulikuwa na jua, na jua lilikuwa na duara jeupe pande zote, kama jicho lenye mtoto. Upepo ulitoka kusini-mashariki. Mbwa wote walikuwa ndani. Nikajua kwamba ukuta hautatosha.

Saa tatu na nusu nilitoa gari la Mehar, Maruti nyeupe ndogo aliyoinunua mwaka aliostaafu. Posta akapanda pembeni yangu, amepakata kipimahewa ndani ya shali kama mjukuu. Dechen alibaki kibandani, akiangalia mawingu ili atupigie simu. Nikaendesha mpaka chini ya lango la msitu, pale barabara inapobana kabisa, nikaliweka gari kwa kulikingamisha, pua ikitazama korongo na mkia ukigusa mwamba. Hata mbuzi angepita kwa ubavu. Nikazima.

Teksi za kwanza zilifika saa nne. Aliyetangulia ni Prithi, naye nilimfundisha.

"Mwalimu, gari limeharibika?"

"Gari zima. Barabara ndiyo imefungwa."

"Kaifunga nani?"

"Mimi."

Prithi akazima injini, akawasha sigara, akakaa kwenye jiwe. Nadhani alifurahi. Nyuma yake zikajipanga ishirini na tatu. Wageni walishuka, mwanzoni wakidhani ni sehemu ya sherehe. Mwanamke mmoja mwenye kofia nyekundu alinionyesha anga akasema ni ya buluu. Nikamwambia aangalie jua. Aliangalia, akarudi garini. Wengine walinitukana kwa Kipunjabi, Posta akawajibu kwa Kipunjabi kizuri zaidi.

Hoshiar alifika na sajini Negi wa kituo cha polisi. Negi alisema kwa upole kwamba hii ni njia ya umma na angeomba niondoe gari. Hoshiar hakusema kwa upole. Aliunyosha mkono.

"Shemeji, leta ufunguo."

Niliutazama mkono ule. Nimeulisha mkono ule, alikuwa na miaka kumi na miwili nilipoolewa. Nikautupa ufunguo korongoni. Haukutoa hata sauti.

Nilijisikia mwepesi, nakiri, nilijisikia kama msichana. Kisha nikauona uso wa Hoshiar, na haukuwa na hasira tena. Ulikuwa mtupu.

"Satya yuko juu," akasema.

Alikuwa amepanda saa moja asubuhi na wapishi na wafunga mahema, watu tisa na yeye wa kumi, kwa lori la kuni. Lori lilirudi kuchukua kuni nyingine, nalo lilikuwa hapa chini, nyuma ya foleni. Huko juu hawakuwa na gari lolote. Mimi nilitoka nyumbani saa tatu na nusu. Niliziba njia ili wasipande, na sikuuliza kama kuna waliokwisha kupanda. Mwalimu wa jiografia.

Posta akafunua shali. Akakigonga kioo, akakigonga tena. "Kaushalya," akasema, na hajawahi kuniita kwa jina mbele za watu, "imepita mwisho wa namba."

Saa tano na dakika ishirini. Simu ikalia, Dechen akasema saa moja, pengine chini ya hapo. Usukani ulikuwa umejifunga bila ufunguo. Kulinyanyua gari kuliweka kando hakukuwezekana, kwani hapakuwa na kando. Mbele yake palikuwa na kitu kimoja tu.

Nikafungua mlango, nikaachia breki ya mkono, nikatoa gia. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na koti la zamani la msitu la Mehar, nikalitwaa.

"Sukumeni," nikasema.

Prithi hakusogea. "Mwalimu, hili ni gari la Mzee."

"Prithi, nimesema sukuma."

Wakasukuma madereva sita, na Hoshiar, na sajini Negi mwenyewe. Likaenda kwa urahisi, kama kwa heshima. Hili lilitoa sauti, mara tatu.

Jipu mbili tu za foleni ndizo zilizokuwa na minyororo ya matairi, teksi ya Prithi na ya mwenzake. Nilipanda ya kwanza. Hoshiar alisimama mlangoni.

"Panda," nikamwambia. "Utanitukana tukirudi."

Kwenye kilomita ya nne zikaanza punje ngumu nyeupe, zikirukaruka juu ya boneti kama mchele. Kwenye ya tano zikawa manyoya. Kwenye ya sita Prithi alikuwa ametoa kichwa dirishani kwa sababu kioo hakionyeshi kitu. Hoshiar alikuwa akisema jambo lilelile chini ya pumzi, sikujua ni dua au ni jina la Satya.

Kisha Prithi akakanyaga breki. Mbele yetu, wakishikana mikono kama watoto wa chekechea, walikuwa watu kumi wanashuka. Satya alikuwa mbele na mfuniko wa sufuria kichwani. Mpishi mmoja alikuwa ameteguka mguu, wawili wamembeba.

Habari aliisimulia ndani ya jipu, tumebanana, maji yakimtiririka. Asubuhi lori lilipopita kwangu alisoma ukuta. Alipoliona duara kwenye jua akawaambia wapishi watue masufuria. Walibisha. Mpishi mkuu akasema bosi ameamuru mbuzi awe tayari adhuhuri. Akawaambia anayemtaka mbuzi abaki naye.

"Kwa nini hukumsubiri Hoshiar?" nikamwuliza.

"Dada," akasema, "niliacha kukuletea maziwa, na ukanisalimia kila siku kwa uso uleule. Mtu wa namna hiyo akiandika kitu ukutani, mimi nashuka."

Hoshiar alikuwa amemshika mkono wa koti, kitambaa tu, hakuuachia mpaka mjini. Saa nane na nusu tulipolipita lango la msitu, theluji ilikuwa imefika katikati ya matairi. Nyuma yetu njia haikuwepo tena.

Ijumaa, 2 Januari

Inchi thelathini na nne. Imeanguka siku mbili bila kupumua. Barabara zote zimefungwa, umeme umekatika, wageni wote wapo mjini, hai, wanarushiana theluji na kupiga kelele. Mitufaha yangu imezama mpaka mikononi. Nilisimama katikati yake nikalia, na wala haikuwa kwa ajili ya gari.

Jumamosi, 3 Januari

Meneja amebandika tangazo jipya mlangoni pa hoteli: Tuliahidi, tumetimiza.

Posta alitaka kulichana. Nimemkataza. Mvua ya Machi italichana.

Jumatatu, 5 Januari

Sajini Negi ametuma mtu aniite. Chama cha wenye hoteli kimeleta shtaka: kuziba njia ya umma na kuharibu biashara. Mwenyekiti ametia sahihi.

Kituoni pana mabenchi mawili yanayotazamana na jiko la bati katikati. Hoshiar alikuwa amekaa kwenye lile la walalamikaji na faili magotini. Alisema bila kuinua macho kwamba hana budi, wanachama wamemshinikiza, lakini kesi itafutwa leo hii nikiweka sahihi kwamba najuta. Karatasi ilikwisha kuandaliwa, neno hilo limepigwa mstari chini. Negi alinipa kalamu kama mtu anayempa mgonjwa dawa, akisema kwamba bila hivyo shtaka litakwenda Rampur kwa hakimu, na Rampur ni mbali.

Nikaisoma yote. Nikamwomba Negi aandike maelezo yangu mwenyewe.

"Je, unajutia kitendo chako?" akauliza, maana fomu inauliza hivyo.

"Andika hapana."

"Ukipewa siku ile tena?"

"Nitaegesha kabla ya saa moja asubuhi."

Negi aliacha kuandika akanitazama, kisha akaandika. Hoshiar akafunika uso kwa mkono.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Satya, theluji hadi magotini. Alijikung'uta. Alilitazama benchi la mumewe, akalitazama langu, akavuka, akaketi kando yangu, bega kwa bega, akanyoosha miguu kulielekea lile jiko. Hoshiar akamwita kwa jina. Akainua viganja kwenye joto.

Negi alikohoa. Akamwuliza kwa adabu, kwa ajili ya kumbukumbu, yeye ni shahidi wa upande gani.

"Huu niliokalia," akasema Satya.